Mtani wa Zamu

Kabla ya kumwokoa Mhehe, lazima umtukane kwanza. Ndivyo sheria ilivyotaka, na Tasiana Komba, Mngoni wa Peramiho, mwanamke wa miaka hamsini na minane mwenye magoti mabovu na ulimi mzima, ndiye aliyeajiriwa na soko la Makambako kuwatukana Wahehe walioanguka.

Asubuhi hiyo alikuwa ameshapata mmoja. Mzee Luvanda, muuza vitunguu saumu, alisimama kuhesabu mafungu yake, akayumba, akaenda chini kama gunia. Watu waliokuwa wakimzunguka wakafanya kile ambacho kila mtoto hufundishwa kabla hajajua kufunga kamba za viatu: walirudi nyuma hatua saba, wakainua mikono juu, wakaacha bangili zao ziandike kwamba hawakumgusa. Kisha ndipo walipoanza kumwonea huruma.

"Mtani! Mtani wa Wahehe yuko wapi?"

"Mwiteni Mama Komba!"

Tasiana alifika akiwa amevaa kizibao chake cha rangi ya chungwa, kimeandikwa KOMBA T. kifuani na ZAMU mgongoni. Aliitazama bangili ya mzee ikimulika jina la kabila lake, akapiga goti kando yake bila kumgusa, na kusema kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza mitumba:

"Wee Mhehe! Ulanzi wa jana umekushinda, sasa unakuja kulala kwenye vitunguu vya watu? Kwenu hakuna vitanda?"

Mzee Luvanda alifungua jicho moja. Midomo ilikuwa ya kijivu, lakini utani haufi kwa kukosa sukari. "Mngoni wewe," alisema kwa kunong'ona. "Mlitembea kwa miguu... kutoka huko kusini... mpaka akili zikabaki njiani."

Soko zima likacheka. Bangili ya Tasiana ikawaka kijani. *Utani umethibitika. Mguso hauna dhima.* Akamwinua mzee kichwa, akamnywesha chai yenye sukari vijiko vinne, na baada ya robo saa mzee alikuwa akidai kwamba kuna mtu kamwibia fungu la vitunguu.

Bibi yake Tasiana aliwahi kumsimulia kwamba zamani mtu akipiga yowe, watu walikimbilia kule yowe lilikotoka. Siku hizi hukimbilia upande wa pili. Bangili ndizo zilizoleta hayo, na wala hazikuletwa kwa ubaya. Zililetwa ili mgonjwa asiteswe na mjinga, kwa hiyo ziliandika kila mguso: mkono wa nani, uligandamiza wapi, kwa nguvu gani, na mwili uliugua kiasi gani baada ya hapo. Aliyeumia akizidiwa, mashine ilitaja bila kigugumizi mkono upi ulichangia nini. Ikawa mtu aliyemtoa binti kisimani na kumvunja mtulinga katika kumvuta anahukumiwa miaka tisa ya kazi nyumbani kwa yule binti. Wahenga walisema tenda wema nenda zako, na watu wakaanza kusema tenda wema nenda kizimbani.

Dhima yenyewe haikuisha kwa kuzeeka. Mkono ukichoka kwa umri, watoto wake huimalizia miaka iliyobaki.

Basi watu wakaacha kugusana, na walioanguka wakawa wanakufa katikati ya duara la macho yenye machozi. Watunga sheria walipotafuta mtu asiyeweza kushtakiwa, mmoja wao akakumbuka watani. Mtani huchukua kuku wako mbele ya macho yako na wewe unacheka. Mtani hulala kaburini siku ya mazishi, akagoma kutoka mpaka abembelezwe, na wafiwa hawana la kufanya. Ni hakimu gani angesikiliza kesi ya Mngoni na Mhehe? Likafunguliwa Daftari la Watani, na kila soko likatakiwa kuwa na watani wa zamu. Masharti yalikuwa mawili: mtani afungue kwa utani, na aliyeanguka ajibu kwa utani. Akiwa amezimia, kimya chake cha sekunde ishirini kinahesabiwa kuwa kicheko.

Mpango ulikuwa mzuri kwa wenye watani. Mwezi uliopita mwanamke mmoja, ambaye kabila lake halikuwa na mtani hata mmoja pale sokoni, alikabwa na kipande cha muhogo. Watu sitini walimtazama mpaka mwisho, wengi wao wakimwombea. Ndiyo maana watu walianza kununua makabila. Ukiwa na jamaa kwenye Daftari, unalala ukiwa wa kabila lisilojulikana na kuamka Mhehe, mwenye watani kila kona.

Tasiana aliwachukia hao kuliko wezi wa kuku. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa ikiitwa Gaudensi Mapunda.

Gaudensi alikuwa mwenzake wa zamu kwa miaka sita. Siku moja alimshika Mhehe aliyekatwa na mnyororo wa pikipiki, na katikati ya kazi bangili yake ikageuka nyekundu: yule mtu alikuwa ameununua Uhehe wake. Gaudensi alipewa sekunde sitini za kuachia, kama sheria inavyosema. Hakuachia. "Nimeshika mtu, sijashika kabila," alisema. Yule mtu akapona, akabaki akichechemea kidogo, akafungua kesi. Gaudensi alikuwa na miaka sabini, mikono yake ikaonekana imechoka, na wanawe wawili sasa walikuwa mwaka wa tatu wakilima viazi kwenye shamba la yule aliyeokolewa. Asante ya punda ni mateke. Kila Jumamosi yule mtu alipita sokoni, akichechemea kidogo, na kumwamkia Tasiana kwa adabu zote.

Tasiana hakuwa na wana wawili. Alikuwa na binti mmoja tu.

---

Edeltruda alipiga simu saa nne, wakati mama yake akiosha kikombe cha Mzee Luvanda.

"Mama, leo usipike ugali wa mtu mmoja. Nakuja na basi la saa saba."

"Kulikoni? Kiwanda kimefungwa?"

"Hakijafungwa. Nina habari."

"Zitoe."

"Si za kwenye simu, mama. Ni za ana kwa ana."

"Una mimba."

"Mama!"

"Nauliza tu. Mimi ni nesi mstaafu, sishtuki."

Edeltruda alicheka, na Tasiana akafurahi kukisikia kicheko kile, kwa maana tangu binti aende Mafinga kwenye kiwanda cha karatasi walikuwa wakizungumza kama watu wa ofisi moja. "Vaa kile kitenge cha bluu," Edeltruda alisema, "na usimtukane mtu yeyote leo."

"Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba."

Tasiana alikata simu, akaenda kununua kuku.

---

Saa sita na nusu mafundi wawili walikuwa juu ya ngazi mbele ya duka jipya la dawa, wakipachika kioo kirefu kuliko mlango wa kanisa. Chini yao alipita kijana mmoja mrefu, kavaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama, na kwapani kabeba blanketi jipya ambalo bado lilikuwa ndani ya mfuko wake. Alikuwa akiangalia huku na huku kama mtu anayetafuta kibanda cha mtu fulani na hataki kuuliza. Kioo kikaponyoka.

Hakikumwangukia kichwani. Kilipasukia ukingoni mwa baraza, na kipande kimoja kikamwingia kinenani, pale mguu unapoungana na mwili, kikatoka. Kijana aliketi chini taratibu, kana kwamba ameamua kupumzika. Kisha damu ikaanza kuruka, na kila aliyewahi kuona ng'ombe akichinjwa alijua ni damu ya namna gani.

Mafundi waliteremka ngazi mbio. Jambo la kwanza walilofanya lilikuwa kurudi nyuma hatua saba na kuinua mikono. Kioo kilikuwa na bima yake, ila mikono yao haikuwa nayo.

"Mtani! Ni kabila gani? Angalieni bangili!"

"Mhehe! Mhehe huyo!"

"Mama Kombaaa!"

Tasiana alikimbia na magoti yake yote mabovu. Alijua kwa kutazama tu kwamba pale hapafungiki kitambaa. Jeraha lilikuwa juu mno. Palihitaji ngumi, na uzito wa mtu mzima juu ya ngumi, mpaka gari la wagonjwa lifike. Akapiga goti kwenye damu, mikono kaikunja kifuani isije ikagusa kabla ya wakati, akapaza sauti:

"Wee Mhehe! Nani kakwambia uje kuoga katikati ya soko letu? Kwenu maji yamekauka?"

Kijana aliinua macho. Aliyasoma maandishi kwenye kizibao, KOMBA T., kisha akamtazama usoni, akamtazama sana, na uso wake ukabadilika. Haukuwa uso wa mtu anayeogopa kufa. Ulikuwa uso wa mtu aliyefumaniwa akiwa hajavaa vizuri. Akajaribu kukaa sawasawa, akaweka kiganja kifuani, na kusema:

"Shikamoo, mama."

Tasiana alidhani hajasikia. "Nijibu, Mhehe! Nitukane!"

"Mtukane, kijana!" watu wakapiga kelele kutoka kwenye duara lao. "Mtukane mama!"

"Mwambie Wangoni walikuja kwa miguu!"

"Sema lolote! Sema ana kichwa kama kibuyu!"

Mwanamke mmoja alikuwa akilia huku akimfundisha tusi, neno kwa neno, kama mwalimu wa chekechea. Kijana alimtazama, akatikisa kichwa. Akarudisha macho kwa Tasiana.

"Samahani, mama," alisema. "Siwezi."

Macho yakapinduka, kichwa kikalala juu ya mfuko wa blanketi.

Sasa ikabidi kusubiri sekunde ishirini za kimya. Tasiana alizihesabu kwa sauti, akizikimbiza, lakini bangili haikukimbizika. Damu ilikuwa imefika kwenye miguu ya ngazi. Kumi na nane. Kumi na tisa. Kijani. Akakita ngumi yake pale kinenani, akailalia kwa uzito wake wote, na damu ikasimama.

Duara zima likashusha pumzi.

"Gari liko wapi?" aliuliza.

"Dakika tisa, Mama Komba!" mwenye duka la dawa alijibu, simu sikioni. "Limekwama kwenye njia ya reli!"

"Dakika tisa tutafika. Tutafika, Mhehe wewe. Utaniletea debe la ulanzi, na nitaukataa." Chini ya vifundo vya vidole vyake alisikia mpigo wa moyo ukigonga, mdogo na wa haraka. Alikuwa ameushika uhai wa mtu, kwa mkono hasa, na kwa dakika tatu na nusu Tasiana Komba alikuwa na furaha. Ndiyo, furaha. Alisahau magoti, alisahau kuku aliyekuwa kwenye kapu. Aliona ndiyo maana alizaliwa.

Bangili ikageuka njano.

*Jibu la mwenzako halikuwa utani. Daftari linakaguliwa.*

"Jibu gani?" alifoka. "Alizimia! Nilihesabu ishirini!"

*Kabla ya kuzimia alijibu. Jibu lilikuwa salamu ya heshima.* Sauti ya bangili ilikuwa ya kike, tulivu, ya mtu anayetangaza vituo vya treni. Ikawa nyekundu. *Utani umebatilika. Sababu ni siri ya mwenye mwili. Una sekunde sitini za kuachia bila dhima.*

---

Sekunde kumi za kwanza alizitumia kukataa. Aliitikisa bangili kwa mkono wa pili, akaisemesha kama mtu anayembembeleza karani.

Halafu akawageukia watu. "Nani Mngoni hapa? Aje ashike, yeye aanze upya! Nani?"

Walikuwapo. Redempta Ngonyani, muuza maharage, aliyekuwa jirani yake wa kibanda kwa miaka kumi, alisimama mbele kabisa. Tasiana alimtazama. Redempta akajifunika khanga mpaka mdomoni.

"Dada Tasi," alisema, "nina watoto wanne."

"Utamtukana, utasubiri ishirini—"

"Na mimi ikinigeukia? Dada Tasi, wanne."

Hakuna aliyemlaumu. Tasiana mwenyewe hakumlaumu.

"Kanunua kabila huyo!" mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Ndiyo maana hajui hata kutania!"

"Kama yule wa Mzee Gaudensi!"

"Mhehe gani anatukanwa na Mngoni akajibu shikamoo?"

Neno hilo lilimwingia Tasiana. Ni kweli, Mhehe gani? Alimtazama kijana upya. Akaona viatu vyake vya ngozi, shati lake la pasi, blanketi lake la bei kubwa, na hasira ikampanda, hasira ya miaka mitatu ya viazi vya watoto wa Gaudensi. Mtu aliyejinunulia watani kama anavyonunua viatu, na sasa amelala hapa anataka binti wa mtu amlipie. Alijua kwamba Daftari hubatilisha utani kwa sababu nyingine pia, kwa kiapo cha mahakamani, kwa ndoa, kwa makosa ya makarani. Alikuwa akiwafundisha watani wapya orodha hiyo kila mwaka. Lakini mwenye hasira hasomi orodha.

*Sekunde thelathini,* bangili ikasema. *Umri wako unavuka kiwango cha kazi. Ukiendelea kushika, mrithi wa dhima ni Edeltruda Komba.*

Lilipotajwa jina lile, hasira yote ikaisha, ikabaki hofu tupu.

"Gari?" aliuliza.

"Dakika tano!" mwenye duka akalia. "Limevuka reli!"

Dakika tano. Na baada ya dakika tano, akipona, huenda mguu ukakatwa, na mguu wa kijana wa umri ule ungekuwa miaka ishirini. Edeltruda angetoka kiwandani na miaka yake thelathini na moja, akapige deki nyumbani kwa mtu huyu, ampikie, amwogeshe, mpaka awe na hamsini na moja. Asingeolewa. Nani angeoa dhima? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Tasiana aliujua kuliko alivyojua kitu kingine chochote duniani. Upande wa pili kulikuwa na mpigo mdogo chini ya ngumi yake. Nao ulikuwa wa mwana wa mtu, mahali fulani alikuwapo mwanamke aliyemzaa, na Tasiana alilijua hilo pia, akalifikiria kwa sekunde nzima, kisha akajizuia asilifikirie.

*Sekunde kumi.*

"Mungu ananiona," alisema Tasiana, akaondoa mkono.

Damu ilirudi kama vile haikuwahi kuzuiwa. Akanyanyuka, akarudi nyuma, moja, mbili, tatu, akihesabu hadi saba, akainua mikono yake miwili juu, mmoja mwekundu mpaka kwenye kiwiko.

*Umeachia katika sekunde ya hamsini na nane,* ilisema bangili. *Asante kwa kufuata utaratibu.*

Kijana alichukua karibu dakika mbili. Hakuamka wala hakuita mtu. Watu wazima sitini walisimama pale wakimtazama, na baadhi yao waliwafumba watoto macho. Kisha bangili yake ikatoa mlio mmoja mrefu, ikazima.

---

Maiti hana kesi. Sheria haimhesabu tena kuwa mtu anayeweza kuumizwa, na kila mmoja pale sokoni alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Mlio haujaisha vizuri duara likavunjika. Wakamjia mbio, wote, kwa mikono iliyokuwa imekaa njaa. Mafundi wa kioo walimwinua kichwa kwa upole kuliko mama anavyomwinua mtoto. Redempta alivua khanga yake akamfuta damu usoni, akimwita baba, akimwita mwanangu. Mtu alimfunga kidevu, mwingine akamnyoosha miguu, mwingine akamvua viatu na kuvipanga pamoja. Vijana wanne walivunja meza ya mkaanga samaki wapate ubao wa kumlazia, na mkaanga samaki mwenyewe ndiye aliyewapa nyundo. Walibishana nani ashike upande wa kichwa. Watu walikuwa wakilia machozi ya kweli. Walilitoa blanketi kwenye mfuko, wakamfunika nalo, na kutoka ndani yake ikaanguka kadi ndogo ambayo hakuna aliyeisoma.

Tasiana alikuwa bado amesimama na mikono juu.

Siri ya mwenye mwili hufa na mwenye mwili. Baada ya dakika tatu bangili yake ikasema, kwa sauti ileile ya kutangaza vituo:

*Taarifa kwa mtani wa zamu. Marehemu ni Vitalis Kihwele, Mhehe kwa kuzaliwa. Sababu ya utani kubatilika ni ukwe. Ndoa iliandikwa Mafinga siku kumi na mbili zilizopita. Mke: Edeltruda Komba.*

Waliokuwa karibu walisikia, wakawaambia waliokuwa mbali. Mikono ikamwacha kijana ikamjia yeye. Walimshika mabegani, wakamketisha kwenye kiti, wakampepea. Mfiwa ambaye hajazimia anashikika bila dhima. Kwa kuwa Redempta hakuwa na khanga tena, alimfuta kwa upindo wa gauni lake. "Pole, dada. Pole sana. Hukujua." Tasiana aliwasikia kwa mbali. Alikuwa akiuona ule uso ulioaibika, ukimwomba samahani kwa kushindwa kumtukana mama mkwe.

Gari la wagonjwa lilifika, likaambiwa limechelewa, likageuza.

---

Saa saba na dakika kumi Edeltruda aliingia sokoni akitokea stendi, na begi mgongoni. Alikuwa akitabasamu bado alipoliona kundi. Kisha akaliona blanketi, ambalo alikuwa amelichagua yeye, na tabasamu likabaki usoni muda mfupi kwa kukosa wa kuliondoa.

Walimpisha. Alipiga magoti, akafunua, akafunika. Alikaa pale muda mrefu, na mikono ya watu ikampapasa mgongo, mikono mingi, mpaka akawa haonekani.

"Nani alimshika?" aliuliza hatimaye.

"Mama yako," Redempta akajibu upesi. "Alimkimbilia kabla ya mtu yeyote. Alimshika kwa mkono wake."

Edeltruda alisimama, akaenda mpaka kwenye kiti cha mama yake, akapiga goti kama alivyolelewa. Akauchukua ule mkono wenye damu iliyokauka, akauweka shavuni.

"Asante, mama. Angalau alikuwa mikononi mwa mtu wake." Kisha akauliza, "Alikuamkia?"

"Aliniamkia."

"Nilimwambia mimi. Nilimwambia, mama yangu ni mtani wa kazi, atakutukana kabla hajakusalimia. Usimjibu. Yule ni mkweo, mwamkie tu." Alijaribu kucheka. "Alikuwa akifanya mazoezi kwenye kioo. Leo akatangulia na basi la asubuhi, akuletee blanketi lako mwenyewe."

Hakuna mtu pale ambaye angesema zaidi. Tasiana aliwatazama mmoja mmoja, akaona kwamba wote wangelinyamazia mpaka kaburini, kwa wema kabisa. Alitamani kunyamaza pia. Alitamani kuliko alivyowahi kutamani maji.

"Nilimwachia, Ede."

"Alipokwisha kufa."

"Kabla. Utani ulibatilika. Nikapewa sekunde sitini, nikaachia."

Edeltruda hakuuondoa mkono shavuni. "Gari lilikuwa wapi?"

"Dakika tano."

"Dakika tano," alisema Edeltruda, polepole, kama anayepima kitu uzito. "Kwa nini, mama?"

"Kwa ajili yako. Walikutaja jina. Walisema dhima itakuangukia wewe, na mimi sikujua ni nani, mwanangu, nilidhani ni mnunuzi wa kabila. Nilikuona wewe unapiga deki kwake miaka ishirini."

"Walinitaja jina?"

"Ndiyo."

"Na simu ulikuwa nayo?"

"Ilikuwa mfukoni."

Edeltruda akaushusha ule mkono, akaurudisha kwenye paja la mwenye nao, taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe cha watu.

"Hukuniuliza," alisema.

"Ningekuuliza vipi, mkono mmoja uko kwenye—"

"Sekunde sitini, mama. Hata usingeniambia ni nani. Ungesema tu kuna mtu anakufa, na dhima ni yako, je, nishike? Ningesema shika."

Tasiana alipeleka mkono mfukoni, akaigusa simu. Edeltruda akasimama, akarudi kukaa kando ya ubao.

Mwenye duka la dawa alikohoa, akauliza nani ana gari la kumpeleka marehemu kwao Kalenga. Walijitokeza watu wanane, wakaanza kugombania.